Chiriku katika Nyumba Iliyofungwa

Baraka, 3 Novemba 1998

Mdogo wangu Jérémie,

Salamu nyingi. Sisi huku tunapumua. Baba anakula kidogo. Mguu na mkono wa kushoto bado haijaamka tangu kile kiharusi. Wewe je, malaria iliisha?

Tuko ndani ya nyumba yetu, lakini jirani yetu Mama Marthe ametia kufuli upande wa nje, ili askari waamini tulikimbia. Jioni anafungua, anatupa unga na vidagaa vya ndakala, anafunga tena. Mwezi wa tatu huu sijakanyaga uwanja. Wanaokutwa wanabebeshwa risasi mpaka Minembwe kule milimani. Nikichukuliwa, baba atafia kitandani kwa kiu.

Sasa shida ni wale chiriku wawili wa baba, wale wa tunduni. Tangu mvua ianze, dume anaimba. Jamani, nyumba tupu inaimba! Jana askari wawili walisimama njiani, mmoja akauliza, "Hii ndege iko wapi?" Mwenzake akasema iko juu ya bati. Kesho hatasema hivyo. Nikimwachilia atarudi, maana alizaliwa humu, na ataimbia dirishani. Kumuua, baba amekataa: "Ukimuua ule, uniue na miye."

Wewe ulisomea viumbe pale Bukavu. Ni kitu gani kinamfanya aimbe, na kinazimwa vipi? Jibu upesi, barua mpe Useni wa mtumbwi wa Kazimia, Mama Marthe ataipokea.

Ni mimi dada yako mkubwa, yaya yako,
Félicité

Kambini, Kigoma, 17 Novemba 1998

Yaya wangu,

Nakusalimu wewe na baba. Malaria imeondoka, imeiachia njaa nafasi. Mlinicheka, mkasema wenzangu wanasomea kutibu watu, mimi nasomea ndege. Haya, leo ndege ameleta kesi.

Ndani ya ubongo wa dume mna fundo dogo, halizidi kichwa cha pini. Ndilo linalotunga wimbo. Majira ya kutafuta mke yakifika, damu inabadilika, fundo linavimba, na dume hawezi tena kunyamaza hata akitaka. Mtu asimlaumu. Anamwimbia jike. Kwa hiyo mwondoe jike, umtoe kwa ile nafasi chini ya bati. Akikosa wa kumwimbia, atanyamaza.

Mbusu baba kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Jérémie

Kambini, Kigoma, 1 Desemba 1998

Yaya,

Sina nafasi ya salamu, nisamehe. Kama jike bado yumo, mwache! Nilimsimulia mwalimu wangu Henri, mkimbizi mwenzangu hapa kambini, akashika kichwa. Dume mwenye jike huimba kidogo, kwa sababu ameshapata. Aliyeachwa peke yake huimba kutwa nzima mpaka apatikane mwingine. Lile somo nililisoma kinyume, nikakutumia kwa ujuaji wangu.

Badala yake, funika tundu kwa kitambaa kizito ili siku yao iwe fupi. Fundo litanywea, lakini litachukua majuma. Nijibu hata neno moja. Sijalala vizuri tangu juzi.

Mdogo wako,
Jérémie

Baraka, 12 Desemba 1998

Jérémie,

Hatujambo, kwa neema ya Mungu. Barua yako ya kwanza ilifika tarehe 25. Ya pili imefika jana.

Nilimtoa jike. Dume akaimba siku tatu, toka alfajiri, kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Siku ya nne walikuja, wakatikisa kufuli. Mmoja akasema, "Lete shoka." Nikaingiza mkono wa kulia tunduni. Moyo wake ulipiga upesi kwenye kidole changu, kisha nikamvunja shingo. Huko nje Mama Marthe akawaambia ndege ameruka kuelekea ziwani, akawapa samaki zake zote za siku ile. Wakapiga mlango mateke mawili, wakaenda.

Baba alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani amelala. Alipouliza mbona kimya, nikatupa kitambaa juu ya tundu, nikamwambia Jérémie ameagiza lifunikwe, kabla hata barua yako ya pili haijafika. Kila asubuhi anauliza, nami kila asubuhi najaza kikombe cha mtama. Nilikukasirikia sana, sikufichi. Sasa imepungua. Lakini uongo huu unanishinda kuubeba peke yangu. Mwandikie baba wewe, mwenye elimu, umweleze kile kimya.

Yaya yako,
Félicité

Kambini, Kigoma, 28 Desemba 1998

Baba yangu mpendwa,

Pokea heshima zangu. Naomba Mungu akurudishie nguvu mkononi.

Chiriku wako amenyamaza kwa sababu ya giza. Lile fundo la wimbo limenywea ubongoni mwake. Haumwi. Hana huzuni. Hata hajui kwamba anakosa kitu. Tukimrudishia mwanga baada ya vita litavimba tena, ataanza kwa kukosea-kosea kama kifaranga, halafu wimbo utarudi wote. Nakuomba usifunue kitambaa, mwanga kidogo tu utamsumbua. Kama kuna kosa, baba, ni langu. Yaya amefanya nilivyomwagiza.

Mwanao,
Jérémie

Baraka, 15 Januari 1999

Mdogo wangu Jérémie,

Salamu. Tunaendelea, baba amekonda ila anazungumza.

Nilimsomea barua yako mchana, kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale fundo linaponywea na ndege hajui kwamba anakosa kitu. Nikarudia. Akauliza, "Jérémie alisoma myaka ngapi kule Bukavu?" Nikasema mitatu. Akasema, "Alisoma muzuri."

Kisha akautafuta mkono wangu wa kulia, akaupapasa kidole kwa kidole. Nilitaka kuutoa, akaukaza. Akasema: "Mwandikie mudogo wako, umwambie baba ameamini. Na weye sasa ulie, mutoto wangu. Ulie polepole tu, askari basisikie kule inje."

Nimelia, Jérémie. Nimelia polepole.

Yaya yako,
Félicité