Kabla Hujaandika Talaka ya Najiat

Gongoni,
Tabora.
14 Mei 2024

Mpendwa mjukuu wangu Sabiri,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu miezi mitatu sijasikia shikamoo yako. U mzima huko Mtwara? Unakula vizuri? Mimi magoti yananisumbua, mengine namshukuru Mungu. Naandika kwa mkono wangu, kisomo changu cha ngumbaru kinatosha kukugombeza.

Babu yako Shaban kanionyesha ujumbe uliomtumia, kwamba mjukuu wake Najiat kakuzalia mtoto mwenye kichwa kidogo, kwa hiyo unamwandikia talaka. Hukuona haya?

Jumatatu daktari wa hospitali ya Kitete alituita. Majibu ya damu zenu yamerudi. Anasema mtoto akiwa tumboni, chembe za mwili wake hugawanyika ili akue. Ndani ya kila chembe mna vijiti viwili vidogo sana, navyo lazima viongezwe kwanza, kila kimoja kipate mwenzake, ndipo chembe igawanyike sawasawa. Kipo kimeng'enya kinachosimamia kazi hiyo. Maagizo ya kukitengeneza yamo katika jeni, na hii kaniandikia kwenye karatasi: PLK4. Nikaona kama mkeka. Ukikosea hesabu ya miyaa mwanzoni, unatoka mdogo hata usuke kwa bidii gani.

Sasa sikiliza. Jeni hiyo mtu hupewa mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Mwanao Zuwena amepata mbovu zote mbili. Moja ya Najiat. Nyingine yako wewe. Damu uliyotoa kabla hujakimbia imesema.

Mimi nami nina langu. Nilimwambia Najiat mbele ya majirani kwamba alikunywa dawa za kutoa mimba. Jana nimemwomba radhi mbele ya majirani walewale. Kanijibu, "Bibi, nipishe, maji ya mtoto yanapoa." Sina la kumlaumu.

Na ndoa yenu niliipanga mimi na kaka yangu Shaban. Tangu babu yetu alipofika na misafara kutoka pwani akajenga hapa, tumejisifu kwamba hatuoi nje. Baba yangu na mama yangu walikuwa watoto wa ndugu. Nikiwa na miaka saba mama alijifungua mtoto mwenye kichwa kama cha Zuwena. Tulimficha chumba cha uani, wageni wakija tunafunga mlango. Akafa bila jirani kumwona, tukakatazwa kumtaja. Jina lake Mgeni. Zuwena alipozaliwa nilimkumbuka palepale, nikanyamaza, nikamtupia lawama mke wako.

Zuwena ana mwaka na nusu. Macho hayafuati kitu, lakini ukiimba anageuza shingo. Sauti yako hajaisikia tangu uondoke. Mlango wake nauacha wazi mchana kutwa, anayetaka kutazama atazame.

Babu yako Shaban anakusalimu, na shangazi yako Mwanaidi pia. Najiat hakutoa salamu, nami sikumwomba. Nisalimie wenzako wa karakana.

Mungu akulinde njiani, maana nataka uwe njiani. Na kama bado unatafuta wa kumkana kwa damu hii, kwenye karatasi ya talaka usiandike jina la Najiat. Andika langu, uje unikabidhi mwenyewe, nikiwa nimempakata mwanao.

Ni mimi bibi yako nikupendaye, hata leo,
Batuli