Gambuti za Baba

Kijijini Bahati, Jumapili

Kwa mwanangu Mbugua, baba yangu mdogo,

Nilikupa jina la baba yangu, kwa hivyo hata huko Chennai na moyo wa kupandikizwa, bado nakuita Baba. Viazi vimefanya vizuri. Ng'ombe amezaa ndama mkaidi kama wewe.

Daktari wako aliuliza kama tuna ugonjwa wa figo kwa familia, maana dawa zinazolinda moyo huo huumiza zaidi figo za mtu aliyerithi udhaifu. Tunao. Baba alivimba miguu mpaka tukamvua gambuti, zile buti ndefu za mpira, kwa kuzikata na kisu.

Ndiyo nikamtuma dada yako Wangeci apimwe, ili figo zako zikichoka akupe yake moja. Nilijua yeye amepewa jina la nyanya yenu wa upande ule mwingine, kwa hivyo hana kitu cha Baba. Daktari wa hapa akaniambia polepole, "Mama, damu haiangalii jina." Wangeci amerithi pia. Hawezi kukupa.

Hakulia. Ameacha chumvi kama wewe, anasema hutakula chakula chapwa hivyo peke yako.

Mimi usiniwazie. Siku hizi naenda kukamua na patipati za wazi tu, gambuti zimekuwa ndogo.

Mama yako, na mtoto wako,
Nyambura