Sahihi Niliyoitia Chapuchapu

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua tangu wakuhamishie kazi wodi ya watoto. Sisi hatujambo. Wifi yako anasema jana ndiyo mara ya kwanza mwezi huu nimemaliza chakula bila kuulizwa nina nini.

Hii kazi yangu ya kompyuta, unayoiita kubofyabofya, ilitaka kuniumbua. Ipo programu ya kupanga zamu za wauguzi. Leseni yake ni huria: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuiongezea kazi yake. Mwezi uliopita niliiongezea kipande kinachopanga zamu za usiku, wanaoisimamia wakakipenda mno. Walichotaka ni sahihi tu, kwamba nimekiandika mimi au aliyekiandika ameniruhusu. Nikatia chapuchapu.

Siku ya tatu msimamizi wa programu, mama mmoja mpole, akaniuliza kwa nini kipande kile hakimrudishi kamwe muuguzi wodi ileile kesho yake, akifiwa na mgonjwa mikononi. Hakuwa na ubaya, alitaka kuandika maelezo.

Jibu unalo wewe, dada, kwa sababu kipande ni chako. Uliponipa laptopu yako nikutengenezee kibodi, nilikikuta humo, nikakinakili, nikabadilisha rangi mbili tatu, nikajiita fundi. Nimeona aibu hadi masikio. Nisamehe.

Nilimwandikia yule mama ukweli wote, nikijua nafukuzwa. Alikiondoa siku ileile, akanikaripia kama mtoto, kisha akasema niendelee kuleta kazi zangu mwenyewe. Nilipomwambia wewe ni muuguzi, hukusomea kompyuta, akajibu kwamba leseni haiulizi mtu kasomea nini, inauliza kazi ni ya nani. Jamani, nilipumua!

Basi hiari ni yako. Ukitaka kipande kirudi kwa jina lako, fomu ya sahihi hii hapa, bado haina jina. Ukikataa, nitafuta nakala yangu na sitanung'unika.

Ila lile swali la yule mama, sasa naliuliza mimi, si kwa ajili ya programu. Ni nani aliyekufia mikononi, nawe kesho yake ukarudishwa palepale? Nilisoma kazi yako yote, dada, na sikukuuliza.

Wabusu wapwa zangu. Nasubiri neno lako, lolote liwalo.

Mdogo wako,
Kipara