Nafasi Niliyoikalia

Jumamosi, Oktoba inakwisha. Beltsville, Marekani.

Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, ile isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nimerudi saa tisa alasiri, sijavua koti, nimekaa mezani na kipande cha keki nilichofungiwa nije nacho nyumbani. Siwezi kukila. Kukitupa pia siwezi, kwa sababu aliyenifungia ni Furaha.

Acha niandike kama ilivyo. Nimechoka kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa miaka mitano nimekuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ndogo, dakika kumi kutoka hapa. Naogesha wagonjwa, nawageuza, nabadilisha mashuka, napima presha. Mkuu wa wodi yetu ni Mama Yvonne, Mmarekani mweusi wa miaka sitini na kitu, aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani kwa mapenzi tu. Anapenda nimwamkie shikamoo mbele ya watu, na "marahaba" yake huisikii ikitamkwa vizuri hivyo hata Morogoro. Nilipoanza kusomea uuguzi, yeye ndiye aliyenipangia zamu zisigongane na vipindi, muhula baada ya muhula, wenzangu wakinuna. Mwezi wa nane nilipofaulu mtihani wa leseni alilia kuliko mimi.

Siku hiyohiyo akaniambia, "Rehema, nafasi ya muuguzi mpya wodini ni yako."

Nikajibu, "Asante sana mama." Sikusema nakuja, sikusema siji.

Wakati huo nilikuwa nimeshaomba kazi hospitali kubwa kule Virginia, upande wa Falls Church. Niliitaka kwa nini? Kwa jina lake. Nilitaka baba mdogo akiulizwa Morogoro mtoto wenu anafanya kazi wapi, ataje mahali watu wanapopajua. Na kuna jambo jingine, hili nalisema kwa aibu: kwenye wodi yetu yupo daktari ambaye mpaka leo ananipungia mkono tu nikalete beseni. Niliogopa kwamba hata nikiwa muuguzi kamili, pale nitabaki yule wa beseni.

Katikati ya Septemba Virginia wakanikubali. Nikasaini.

Mama Yvonne sikumwambia.

Najua nitakavyojitetea, nimekwisha kujitetea sana kwenye gari. Kwetu mtu mzima aliyekutendea wema humkatalii usoni. Unashukuru, unainamisha kichwa, unamwacha aelewe mwenyewe taratibu. Lakini huo utetezi una tundu kubwa. Wiki ileile nilipata kazi ya tatu, Washington mjini, nikaikataa kwa barua pepe ya mistari miwili, sikutoka hata jasho. Kumbe hapana naijua. Niliwapa ukweli watu wasionijua, na aliyenibeba miaka mitano nikampa tabasamu.

Na kama nasema kweli basi niseme yote. Sikunyamaza kwa heshima peke yake. Niliogopa Virginia wangebadili mawazo, wangekuta kasoro kwenye karatasi zangu, wangenirudisha. Nilitaka kiti kimoja nikikalie na cha pili nikiwekee mkoba.

Kila Mama Yvonne aliponiuliza naanza lini, nilisema leseni bado haijatoka. Ilikuwa imetoka. Leseni zinaonekana mtandaoni, yeyote anaweza kuandika jina akatafuta. Hakutafuta.

Leo kulikuwa na keki chumba cha mapumziko. Furaha anaondoka. Ni Mkongo wa Bukavu, msaidizi kama mimi, tumegeuza wagonjwa pamoja sijui mara ngapi, yeye upande wa kichwa mimi upande wa miguu. Naye amefaulu mtihani mwaka huu. Nilijua anaondoka. Sikujua anakwenda wapi, wala sikujiuliza kwa nini.

Anakwenda nyumba ya wazee upande wa Oxon Hill. Hana gari, ni mabasi mawili na treni, na mwanawe anasoma hapa jirani. Kibaya zaidi, hospitalini muuguzi mpya anafuatana na mwenye uzoefu miezi mitatu kabla hajaachwa peke yake. Huko aendako wamempa siku tatu. Siku ya nne ghorofa nzima ya wazee ni yake.

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, kwa nini hakuomba hapa.

Akacheka. "Niliomba, dada! Mama Yvonne akaniambia place iko moja tu, na iko ya Rehema. Nikasema ni sawa. Rehema ametumika sana hapa, merci Mungu." Kisha akanikatia keki, akachagua upande wenye krimu nyingi.

Nikala pale mbele yake. Nikasema tamu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ilikuwa nafasi yangu ya kufungua mdomo, watu wote wamekaa, naye ananitazama kwa furaha yake yote. Nikaufungua mdomo kwa keki.

Mama Yvonne nilimfuata alipotoka kuelekea gari lake. Safari hii sikumwamkia shikamoo. Nikamwambia pale kwenye maegesho, mvua ikitudondokea, kila kitu: Virginia, mkataba, leseni. Nilitegemea atapaza sauti. Hakupaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kitasa cha mlango, kisha akaongea kile Kiswahili chake cha upole kisichokosea hata herufi.

"Ungeniambia hapana, Rehema, ningekasirika siku moja. Siku moja tu. Siku ya pili ningempa Furaha."

Nikamuuliza kama hawezi kumpa sasa. Akasema wakubwa wanafuta nafasi zote zisizo na watu, na hii ameipigania wiki mbili akiwaambia ina mwenyewe, anangoja karatasi tu. Imeandikwa jina langu. Jina likiondoka, nafasi inaondoka nalo. Akaingia garini. Hakunipa mkono wala sikustahili.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja mapema, hata mtoto sijazaa.

Nimeanza kumwandikia Furaha ujumbe mara nne. Kila mara unaanza vizuri, halafu naona nimejiweka katikati: nilivyoogopa mimi, nilivyolelewa mimi, ninavyoumia mimi. Nikafuta. Mficha uchi hazai. Hata wagonjwa wetu wanaoona haya kusema panapouma, sisi wauguzi ndio tunaowabembeleza waseme.

Saa kumi na moja nikampigia.

Nilisema kwa ufupi. Nafasi ile sikuihitaji. Nilikuwa na kazi nyingine. Sikumwambia Mama Yvonne, na ndiyo maana wewe uliikosa. Nisamehe.

Nyuma yake nilisikia katuni za mtoto na maji ya bomba. Bomba likafungwa.

"Tangu lini?" akauliza. Si kwa hasira. Kama anavyomuuliza mgonjwa.

Nikasema tangu katikati ya Septemba.

Alikuwa akihesabu, nilimsikia akihesabu. Furaha alifaulu mtihani mwanzoni mwa Oktoba. Siku alipogonga mlango wa Mama Yvonne kuomba, mkataba wangu wa Virginia ulikuwa kwenye droo yangu, umekwisha kusainiwa.

"Sawa, dada," akasema. Akakata simu.

Afadhali angenitukana. Hilo "dada" limenikaa kifuani.

Jumatatu naanza kazi kwenye hospitali yenye jina. Nitavaa beji mpya, nitapewa muuguzi wa kufuatana naye miezi mitatu, anishike mkono nisiumize mtu. Saa hizohizo Furaha atakuwa kwenye basi la pili.

Gari ninalo. Kesho ni Jumapili, anakuwa nyumbani. Nitakwenda kumwambia kwamba kila siku ambayo zamu yangu itaniruhusu nitampeleka Oxon Hill mimi, akitaka njia nzima asiniongeleshe. Pengine atakataa. Akisema hapana, atakuwa amenitendea haki ambayo mimi nilishindwa kumtendea Mama Yvonne.