Elementi Juu ya Nguo ya Bibi Koleta

Muleba,
Jumapili jioni

Mke wangu Mama Salumu,

Barua hii ikukute mzima, Salumu awe ameacha kukohoa, na mama naye magoti yamempa nafasi ya kufika kwa jirani na kurudi bila kulalamika. Mimi ni mzima wa mwili. Nimechoka tu, na hilo lisikutishe, maana hata tulipokuwa pamoja ulinizoea hivyo.

Barua yako ilichelewa Mwanza ikingoja meli. Umeuliza kama bado nakula ndizi. Nakula. Mchana ndizi na maharage, jioni ndizi na maharage, na Jumapili, kwa heshima ya siku yenyewe, ndizi na samaki.

Kazi ndiyo inayonimaliza. Wasichana wangu wa kidato cha nne wanatakiwa kujua atomi ilivyoundwa na jedwali la elementi lote. Atomi haionekani, basi nawachorea ubaoni kiini katikati na elektroni zikizunguka kwa matabaka. Nafundisha kwa Kiingereza, wao wanaulizana kwa Kihaya, mwishowe tunapatana kwa Kiswahili. Asubuhi wanalima shamba la shule, elimu ya kujitegemea hiyo, na wakiingia darasani wanasinzia. Mimi nasinzia nikiwa nimesimama.

Jedwali la ukutani lililoachwa na masista lililiwa na mchwa. Nilikwenda Bukoba nikazunguka maduka yote kutafuta karatasi kubwa, nikarudi mikono mitupu. Nikawaambia wasichana, mwenye kitu kipana kwao akilete. Tulijaribu gunia la kahawa, likakataa maandishi. Ndipo Leokadia, ambaye kwao si mbali na shule, akaleta nguo ya gome la mti ambayo watu wa hapa huiita rubugo: pana, laini, rangi ya udongo mwekundu. Tuliandika kwa masizi yaliyochanganywa na utomvu wa mgomba. Wewe umefua mashati yangu, unajua kama utomvu wa mgomba hutoka.

Jedwali lilipendeza. Kwa mara ya kwanza waliona kwamba sodiamu na potasiamu zinasimama safu moja kwa sababu kila moja ina elektroni moja tu nje, nayo inaitoa upesi. Nilifurahi kama mjinga.

Halafu baba mdogo wa Leokadia akasimama mlangoni mwa darasa. Hakunisalimu. Alikuwa akiutazama ukuta. Ile ilikuwa nguo ya kuzikiwa ya mama yake, Bibi Koleta. Ajuza huyo aliiweka sandukuni miaka na miaka, kama mama anavyoweka sanda yake, na fundi aliyekuwa akiponda magome hayo ameshafariki, hakuna anayetengeneza nyingine. Leokadia aliichukua akidhani bibi atazikwa kwa shuka nyeupe kama watu wa siku hizi. Mama Salumu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi mtu wa kuja, nimemwandikia mama wa watu sanda yake.

Niliibeba mwenyewe mpaka kwake. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgonjwa, macho makali. Aliikunjua akaipapasa, akauliza kwa Kihaya, Leokadia akitafsiri huku analia, kama itatakata. Nikasema haitatakata, nikaomba radhi. Akauliza ni maandishi ya nini. Nikamweleza kwamba ni vitu vyote vinavyoijenga dunia, kila kimoja na nyumba yake.

"Migomba iko wapi?"

Nikamwonyesha kaboni, hidrojeni, oksijeni na potasiamu, nikasema migomba karibu yote imo humo. Akacheka mpaka akakohoa. Kibanja kizima cha marehemu mume wake, akasema, shamba lote la migomba, nyumba nne tu. Kisha akaacha kucheka.

"Nitakwenda nayo hivyo hivyo, mwalimu. Lakini mpaka siku hiyo inakaa kwangu. Wanaotaka kusoma waje hapa."

Akanipa buni za kutafuna, kama mgeni anavyopewa hapa, nikajua nimesamehewa. Au karibu.

Basi kila Jumamosi darasa langu lilihamia kwa Bibi Koleta. Aliitundika ukutani, lakini hakuna aliyeiona kabla ya kupalilia na kukata majani makavu ya migomba. Mwalimu mkuu alifurahi, akasema huo ndio ujamaa wenyewe. Mimi nilijua ni ajuza anayelipisha deni lake, na wala sikumlaumu. Wasichana walisoma kwa sauti naye akisikiliza, na aliyekosea, bibi alimtazama vibaya, ingawa hakujua kosa liko wapi.

Nataka kuandika salamu sasa hivi, maana nikishasimulia ya jana sidhani kama nitaweza. Mwamkie mama, mwambie sanda yake iko salama na mimi sitaigusa. Msalimie kaka yako fundi cherehani, na shangazi mwenye kilabu, na Salumu mwambie baba anamkumbuka kila akisikia mtoto akiita.

Bibi Koleta alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Jana tulimzika kibanjani kwake. Mtihani wa kemia ni kesho, na jedwali hatuna lingine. Baba mdogo hakubishana na neno la marehemu. Waliishusha ile nguo ukutani, wakamlaza juu yake, maandishi yakitazama juu, wakaanza kumfunika pole pole, upande huu kisha upande ule. Wasichana walikuwa wamesimama nyuma ya katekista. Nikaona midomo yao inatembea, wote, hata Leokadia aliyekuwa anatokwa na machozi. Macho yao hayakutoka kwenye nguo.

Baadaye katekista alinishika mkono akaniambia hajapata kuona vijana wanaosali kwa bidii namna ile. Hata mimi midomo yangu ilikuwa inatembea, na nilikuwa nimefika kalsiamu walipomaliza kumfunika.

Mumeo akupendaye,
Baba Salumu