Aliyekuwa Chini ya Kinanda

Wadi Kabir, Maskati
Ijumaa, baada ya swala

Mke wangu Mwanaidi, Mama Rukia,

Naomba barua hii ikukute mzima, na Rukia mzima, na mguu wa mama umepoa. Naanza na mguu kwa sababu mama kwenye simu hunijibu "sijambo" kabla sijamaliza kuuliza, na mimi namjua mama yangu. Wewe niandikie ukweli. Anatoka mpaka kwa jirani, au ameanza tena kushinda kitandani? Mimi mwili wangu hauna neno. Joto limeingia la kweli, ukigusa mlango wa gari mchana unaruka, lakini kazi ipo na nakula vizuri.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Anayekuletea ni Mzee Sefu, fundi bomba ninayeishi naye, anakuja Tanga likizo. Ndani ya bahasha kuna flashi, usiipoteze, nitakueleza ni ya nini. Lakini nimeandika pia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Chumbani tumo sita. Nikishika simu tu, Mzee Sefu anapunguza televisheni kwa heshima, wote wananyamaza kimya, na maneno yote niliyoyapanga yananikimbia. Naishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Ndiyo maana kila Jumapili unaona mumeo anaulizia mvua tu, kana kwamba ana shamba.

Sasa habari ya harusi ya mdogo wangu Zaina. Sitakuja. Nilimwendea arbabu, ndivyo tunavyomwita bosi huku, nikamwomba ruhusa. Hakunigombeza. Alinionyesha simu yake, imejaa ujumbe wa watu ambao viyoyozi vyao vimekufa, akaniuliza, "Shabani, ungekuwa wewe ni mimi, ungefanyaje?" Fundi viyoyozi kuomba likizo Maskati wakati wa joto ni kama muuza tende kufunga duka mwezi wa Ramadhani. Nikamshukuru nikaondoka, na siku ile chakula sikukimaliza.

Nilipokupa habari hiyo ulinijibu neno ambalo limekaa kifuani mwangu mpaka leo. Ulisema basi, kama huji huji, lakini wimbo wetu wa kwanza siimbi bila ile sauti ya kinanda chako. Kessi niliyemwachia nafasi yangu anapiga vizuri, ukasema, ila sauti zake ni zile zile za vinanda vyote. "Nikisimama pale watu wataniuliza mwenye kinanda yuko wapi. Nitawajibu nini?" Na Mwalimu Hatibu, kiongozi wetu, naye akashikilia kwamba usipoimba wewe, ufunguzi anampa mwimbaji mwingine wa kikundi. Mwanaidi, kwetu wifi ndiye anayefungua taarabu ya bi harusi. Mama anaingoja siku hiyo tangu Zaina anatambaa. Nikaona kama mimi nimeshindwa kufika, angalau sauti ifike.

Lakini sauti yenyewe iko wapi? Unakumbuka niliitengeneza kwa kinanda kile cha ndani ya kompyuta, chumbani kwetu. Kompyuta iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na kinanda kile hakipatikani tena, waliokitengeneza walishafunga. Nimebakiwa na rekodi moja tu kwenye simu, ile ya asubuhi niliyokuwa nikiujaribu wimbo, nawe umekaa mkekani unachagua mchele.

Basi nikaamua kuijenga upya. Nina laptopu kuukuu niliyoipata kwa mtu wa gereji hapa mtaani, nikaiwekea programu ya bure ambayo haikupi kinanda kizima, inakupa vipande. Kipande kimoja kinatoa mlio mtupu, kingine kinachuja ukali wake, kingine kinaamua mlio uingie taratibu au uingie kwa kishindo. Unaviunganisha mwenyewe kwa nyaya zilizochorwa kwenye skrini mpaka vitoe unachotaka. Kila kipande kinaila nguvu kompyuta, kwa hiyo ukiwa na mashine dhaifu huna ruhusa ya kujaza jaza.

Ule mlio wa juu, uliokuwa ukiutania kwamba ni zumari lenye mafua, niliupata upesi. Kilichonitesa ni cha chini. Ukiisikiliza rekodi, chini ya zumari kuna uvuguvugu fulani, unapanda na kushuka, haufuati vidole vyangu sawasawa, unachelewa kidogo halafu unafika. Sikukumbuka kabisa niliutengeneza vipi. Nikaongeza kipande, nikaongeza kingine, cha kutingisha, cha kuchelewesha, cha kutia pumzi. Laptopu ikawa inalia feni na sauti inakwaruza na kukatika. Nikipunguza vipande, uvuguvugu unapotea. Nikirudisha, mashine inasongwa. Na kompyuta ya Kessi ni dhaifu kuliko yangu, ningempelekea mzigo ule ingemzimikia mbele ya wageni.

Kila jioni wenzangu wanacheza karata, mimi nimeinamia zile nyaya. Mzee Sefu akipita nyuma yangu ananiuliza, "Bado unatafuta panapovuja?" Nacheka naye. Lakini nilikuwa naogopa, mke wangu. Nilidhani nimeanza kuisahau nyumba yangu. Sura zenu ninazo kwenye simu, naziangalia nikitaka, ila sauti ile niliitengeneza mimi kwa mikono yangu, na sasa nilikuwa siijui. Niliona upweke siku zile ambao sijauona tangu nifike.

Ndipo nikatumwa Mawaleh, kwa Bibi Thuwaiba. Ni mama mtu mzima, Mwomani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kinanukia karafuu. Kiyoyozi cha sebule yake kiliganda barafu ndani, na barafu hiyo huwezi kuigombeza, unazima umeme unangoja iyeyuke. Akaniletea kahawa na tende, akaniuliza kwetu wapi, nafanya nini zaidi ya viyoyozi. Nikamwambia mimi ni mpiga kinanda wa taarabu. Akakaa kitako. "Hebu nisikilize, baba." Nikaiweka simu mezani nikaifungua ile rekodi.

Akasikiliza huku akitikisa kichwa. "Kinanda kizuri," akasema. "Na nani huyo anaeimba?"

Nikamwambia, "Hakuna anayeimba, Bibi. Hicho ni kinanda kitupu."

"Kitupu wapi! Mie nna masikio. Rejesha nyuma."

Nikarudisha.

"Huyo hapo, chini chini. Mwanamke huyo, kafumba mdomo. Tena yuko na kazi zake, wala hana habari kama anasikilizwa. Khaswa!"

Nikaishika simu nikaibana sikioni. Ulikuwa wewe, Mwanaidi. Ulikuwa unachagua mchele na kuuvuma wimbo ndani ya mdomo, nyuma kidogo ya vidole vyangu, kama unavyofanya siku zote. Nimeisikiliza rekodi hiyo tangu nije Maskati na sikuwahi kukusikia zaidi ya ule uvuguvugu, kwa sababu huku sijawahi kuisikiliza kwenye kimya. Kiyoyozi chetu kinanguruma mchana na usiku, tena mngurumo wake ni mzito na wa chini, pale pale ulipo wewe. Nimekizoea kiasi kwamba sisikii hata kama kipo. Ilibidi nikizime cha mtu mwingine.

"Wamjua?" Bibi Thuwaiba akaniuliza.

"Ni mke wangu."

Akanimiminia kahawa nyingine, akasema, "Kunywa, baba. Barafu bado haijayayuka." Akaingia jikoni, akaniacha peke yangu sebuleni, na namshukuru kwa hilo, maana machozi yalikuwa yananitoka na nina bisibisi mkononi.

Kumbe muda wote ule nilikuwa nahangaika kuunganisha nyaya ili nimpate mke wangu anachagua mchele! Niliporudi chumbani nikaanza kuvitoa. Nikitoa kipande nasikiliza. Zumari liko vile vile, nakiacha nje. Nikatoa kingine. Vikabaki vichache, unavihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na laptopu ikatulia kabisa, feni haisikiki. Kazi ile ilikuwa imekwisha tangu wiki ya kwanza, ila mimi nilikuwa natafuta kisichokuwa mle.

Hiyo ndiyo iliyomo kwenye flashi. Mpe Kessi, mwambie asiongeze chochote, hata akiona ni nyembamba. Atataka kuitia mwangwi, namjua. Asitie. Kitufe cha kwanza kushoto kinapunguza ukali kama spika za ukumbini zitakuwa kali, vingine asiviguse.

Na wewe nakuomba hivi. Kessi akianza ufunguzi, usisimame kimya ukingoja ubeti wako. Sogea kwenye maikrofoni, fumba mdomo, uvume kama una ungo mapajani. Usijitahidi. Ukichelewa, chelewa. Hapo ndipo sauti uliyoniomba itakapotimia, na haitatimia kwa njia nyingine, kwa sababu mimi nimeweza kukutumia nusu tu. Wakikuuliza mwenye kinanda yuko wapi, waambie yuko Maskati anatengeneza viyoyozi, na huku zumari lake lenye mafua linalia. Lakini imba. Ukikataa kuimba kwa sababu sipo, nitakuwa sipo mara mbili.

Leo wenzangu wamekwenda Quriyat kuogelea. Nilisema kichwa kinaniuma. Walipoondoka nikakizima kiyoyozi, nikafunga dirisha kwa sababu ya magari, nikakaa kitandani na ile rekodi. Joto lilinipiga mpaka shati likanigandia mgongoni. Nilikusikia vizuri sana. Kuna mahali unaacha kuvuma, nadhani uliona jiwe kwenye mchele, halafu unaendelea. Nimeirudia hapo mara nyingi. Nitakiwasha kabla hawajarudi, maana chumba cha mafundi viyoyozi kikiwa kama tanuri nitakosa la kusema.

Nisalimie mama, umbusu mikono kwa niaba yangu. Nisalimie mkwe wangu mama yako, na kaka yako Bakari, umshukuru kwa kumpeleka Rukia madrasa. Mwalimu Hatibu mwambie ufunguzi una mwenyewe. Zaina mwambie kaka yake anamtakia ndoa yenye heri, na asinikasirikie. Rukia mwambie baba anauliza kama jino limeota.

Ni mimi mumeo, Shabani, baba Rukia.

Jumapili nitapiga kama kawaida. Televisheni itapunguzwa, wote watanyamaza, nami nitakuuliza kama mvua imenyesha. Sasa unajua ninachouliza.