Fahali wa Mlangoni na Gitaa la Besi

Dada Paulina, shikamoo.

Nakusihi, ukishasoma kadi hii ifukie kwenye debe la unga. Mwenyekiti wa kwaya, aliyenituma kununua besi, asijue hata neno moja!

Hapa Karatu nilijaribia magitaa ya besi mlangoni mwa duka. Lile jekundu, ng'ombe waliokuwa wakienda mnadani hawakulijali. Nilipogusa uzi mnene wa lile la kahawia, fahali mmoja akaitikia, akanijia.

Mfugaji wake, mzee wa Loliondo, akafoka, "Kijana, usimwite kama huna la kumwambia!"

Mwenye duka akabana kwenye pembe ya fahali kipimo cha nyuzi, kile kinachowaka kijani sauti ikiwa sawa. Fahali akaunguruma, taa ya kijani ikawaka.

"Umeona? Kipimo kizima, na fahali yuko sawa."

Nikanunua gitaa la kahawia na kipimo chake.

Sasa nimekwama humu dukani, fahali amelala mlangoni akisubiri nipige tena, na Jumamosi kwaya inaihitaji besi hii harusini. Kadi nampa yule mzee wa Loliondo dirishani, aifikishe kwenye basi la Mbulu.

Wabusu watoto. Ukija kunitoa, shuka stendi, uliza duka la magitaa, gonga dirisha la nyuma. Baba akikusindikiza, asiseme kitu. Sauti yake ni besi tupu.

Mdogo wako,
Emanueli